Namba ya njia ya kurukia ilikuwa 17, leo ni 18. Je, ilijengwa njia mpya?

Mwalimu Mstaafu

Habarini za jioni wakuu. Nimeombwa niandike maneno ya bango la historia litakalowekwa kwenye ukumbi wa abiria wa uwanja wetu mdogo wa ndege. Ni uwanja wa njia moja ya lami, hangari mbili, tangi la mafuta na mnara ambao jioni hauna mtu. Nilidhani kazi hii itanichukua wiki moja. Huu ni mwezi wa tatu, na nimekwama mahali patatu.

Kwanza, ninayo picha ya zamani iliyopigwa kutoka angani. Kwenye kichwa cha kaskazini cha njia imechorwa namba 17, kubwa, kwa rangi nyeupe. Leo pale pale pana 18. Mzee mmoja ananieleza kwamba njia ya zamani ilifukuliwa, ikajengwa nyingine pembeni yake. Mzee wa pili anakataa katakata, anasema lami ni ileile.

Pili, kwenye picha hiyo njia ni tatu, zinakatana kama pembetatu. Mji mdogo vile ulikuwa na haja gani na njia tatu?

Tatu, usiku mmoja nilikuwa nje ya uzio, giza totoro, hakuna mtu mnarani. Ghafla taa zote za njia zikawaka. Ndege ndogo ikatua, na baada ya kama robo saa taa zikazima zenyewe. Nani aliziwasha?

Bango hili watalisoma watoto wa shule. Sitaki kuwaandikia uongo.

FundiTaa

Mwalimu, nimefanya kazi ya taa na rangi za viwanja vya ndege miaka 22, na swali lako limenigusa. Nianze na namba, maana hapo mzee wa pili ndiye mkweli.

Namba ya njia haitolewi kwa mpangilio wa ujenzi. Ni mwelekeo wa dira, umegawanywa kwa kumi na kukadiriwa kwenye namba nzima iliyo karibu. Rubani anayetua akiiona 17 mbele yake anajua pua ya ndege imeelekea nyuzi 170 hivi, karibu na kusini. Akitokea upande wa pili ataona 35, kwa kuwa huko mwelekeo ni nyuzi 350. Tofauti ya vichwa viwili ni 18 siku zote.

Sasa dira inafuata kaskazini ya sumaku, na kaskazini hiyo haitulii. Inahama kidogo kidogo kila mwaka kwa sababu chuma kilichoyeyuka ndani kabisa ya dunia kinazunguka. Lami haijasogea hata shubiri moja, lakini baada ya miaka mingi dira inayosomwa juu yake inatoa jibu jingine. Likivuka nusu kati ya namba moja na nyingine, namba inapanda au inashuka. Stansted kule Uingereza walibadili 05/23 ikawa 04/22 mwaka 2009. Tampa, Marekani, mwaka 2011 wakatoka 18 kwenda 19. Hakuna aliyejenga njia mpya. Waliofanya kazi ni wapaka rangi kama mimi, na waliochapa upya ramani za marubani, na waliobadilisha vibao vyote vya pembeni. Ni kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Ukitaka ushahidi, muombe meneja wa uwanja apige picha ya namba hiyo jua likiwa chini, asubuhi au jioni. Usiingie mwenyewe njiani. Rangi ya zamani tunaisugua kwa mashine, lakini lami iliyosuguliwa huwa na mkwaruzo wake, na mwanga wa ubavuni huutoa.

Kuhusu pembetatu, mara nyingi hiyo ni alama ya Vita vya Pili vya Dunia. Waingereza walikuwa na kipimo chao cha uwanja wa ndege za mabomu: njia kuu yadi 2,000, yaani kama mita 1,830, na mbili nyingine yadi 1,400 kila moja, zikipishana kwa nyuzi 60 hivi. Sababu ni upepo. Ndege nyingi za wakati ule zilikuwa na gurudumu dogo mkiani, uzito wake mwingi ukiwa nyuma ya magurudumu makubwa. Upepo wa ubavuni ukizipiga zinapotua, mkia unataka kutangulia. Kwa njia tatu, rubani alipata daima moja iliyo karibu na uso wa upepo. Baadaye gurudumu likahamia puani, ndege zikavumilia upepo wa ubavuni, na miji ikaona hakuna haja ya kukarabati njia tatu. Angalia hangari zenu zimesimama juu ya nini. Nimeona nyingi zilizojengwa juu ya njia iliyoachwa, kwa kuwa msingi mgumu ulikuwa tayari upo.

Tafuta pia hati ya makabidhiano. Marekani, kwa mfano, sheria ya mali za ziada ya 1944 ndiyo iliyofungua mlango, na baada ya vita mamia ya viwanja vya jeshi vikapewa serikali za miji kwa sharti kwamba vibaki viwanja vya umma. Ndivyo miji midogo ilivyorithi lami ambayo isingeweza kuigharimia. Hati za namna hiyo huwa na ramani safi kuliko picha yoyote.

Rubani wa Jioni

Shikamoo mwalimu. Swali la taa nakujibu mimi, maana huenda aliyeziwasha ni mtu kama mimi.

Viwanja vingi vidogo vina taa zinazosikiliza redio. Nikikaribia naweka masafa ya uwanja, kisha nabonyeza kitufe cha kipaza sauti bila kusema neno. Kwa utaratibu wa Marekani, mibonyezo 3 ndani ya sekunde 5 inaleta mwanga hafifu, 5 wa wastani, 7 mkali kabisa. Zinakaa dakika 15, ndiyo robo saa yako.

Sijui nikuelezeje mwalimu. Umetoka gizani, chini hakuna kitu, unabonyeza mara saba na ardhi inakujibu: safu mbili nyeupe, kijani pale njia inapoanza, nyekundu inapoishia, buluu kwenye viungio vya kuelekea maegesho. Naomba hilo liwe kwenye bango.

Tena usilisahau tangi. Petroli ya ndege za pistoni inayouzwa zaidi imetiwa rangi ya buluu, na mafuta ya jeti hayana rangi au yana umanjano kidogo. Rangi ile ni ulinzi. Mafuta ya jeti yakiingia kwenye injini ya pistoni, ndege inaweza kuruka na injini ikazimika ikiwa bado chini chini. Kila nikijaza natoa mafuta kidogo kwenye kikombe cha kioo, nayatazama kwenye mwanga.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu, na asante sana Fundi. Meneja alipiga picha jana saa kumi na mbili asubuhi, akanitumia. Chini ya 8 kuna mstari mrefu wa mshazari uliokwaruzwa. Ni mguu wa 7, unaonekana wazi. Nimempelekea mzee wa kwanza nyumbani kwake, akaitazama muda mrefu, kisha akaniomba nimwachie nakala.

Hangari ya pili kweli imekaa juu ya zege la zamani. Mistari ya maungio ya vipande inatokea chini ya mlango na kuendelea hadi kwenye majani. Nimeifuata kwa miguu, hatua 140, mpaka ikanipotelea kwenye kichaka.

FundiTaa

Mwalimu, rudi na mtu mwenye panga, mfuate mstari huo kwa ruhusa ya meneja. Ukifika mwisho wa zege, piga picha kingo zake na upime upana. Kwa kipimo cha Waingereza upana ulikuwa yadi 50, kama mita 46. Ikikaribia hapo, utakuwa na la kuandika.