Chumba cha kukandia: udi, taa na sauti, nianzie wapi?

Mkandaji_Ng'ambo
Assalaam aleikum. Nakanda watu nyumbani kwangu Ng'ambo, Unguja, mwaka wa tatu sasa. Wengi ni mafundi cherehani, shingo zimekaza kama kamba ya jahazi. Mwezi uliopita nilitaka chumba nacho kinisaidie kumtuliza mtu: taa ya buluu, sauti ya mawimbi kwenye simu, udi kwenye chetezo, mlango nimefunga. Kumbe mteja ana pumu na sikumuuliza. Alikohoa mpaka nikamtoa uani. Roho iliniuma sana. Mikono yangu naiamini, chumba ndicho kinanishinda.

Somo_wa_Wete
Wa aleikum salaam mwanangu. Nimesinga maharusi miaka 30 hapa Pemba. Udi haufukizwi mtu keshalala. Fukiza shuka na kanga mapema, kisha toa chetezo nje, fungua dirisha moshi uishe. Akilaza uso kwenye shuka, harufu itamjia yenyewe, kidogo kidogo. Mwenye pumu hata hiyo muondolee, mafuta ya nazi matupu yanamtosha.
Na usichanganye. Siku ya singo, yaani msugo wa maua wa maharusi, chumba kimejaa asumini, mlangilangi na mawaridi, basi udi naupumzisha. Mafuta ya karafuu yanaunguza: mimi natia matone 2 tu kwenye vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya nazi, kikombe nakikalisha ndani ya maji ya moto. Mjamzito simpaki karafuu.

Mtanga_Ughaibuni
Natunza wazee Uholanzi. Huku kuna vyumba viitwavyo snoezelen, vilianza miaka ya 1970 kwa watu wenye ulemavu wa akili: taa laini, mirija ya maji yenye mapovu, muziki wa chini. Tunaanza na kitu kimoja, tunatazama uso na pumzi, ndipo tunaongeza. Kuna bibi mmoja nikimkanda viganja huku anatazama mapovu, anatulia kabisa. Nikiwasha na muziki, anakunja ngumi.

Mkandaji_Ng'ambo
Shikamoo bibi, ahsanteni nyote. Leo nimeuliza kwanza pumu na mimba. Taa ya buluu nimeing'oa, nimeweka kandili pembeni, simu nimezima. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama wa watu kasinzia hata mabegani sijafika! Na liwa, ule mti wa kunukia wa kupaka mwilini, je, naisaga na marashi ya mawaridi au maji?

Somo_wa_Wete
Marahaba. Marashi. Isage siku ile ile, usiilaze.