Nimeuziwa tangi la samaki wa baharini, miezi mitatu sasa nalima mwani sebuleni

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiupeleke kule kwenye vichekesho. Najua kichwa kinachekesha, lakini hela iliyoondoka hapa ni milioni tatu na laki mbili, na jana saa sita usiku nilikuwa sebuleni na mswaki mkononi, nasugua mawe.

Mwezi wa nne nilinunua tangi la lita 240. Kioo, meza yake, pampu mbili, taa, mchanga, mawe ya kupanga ndani na samaki saba, vyote duka moja. Duka silitaji, sitaki kesi. Nilimuuliza muuzaji maswali mawili tu. La kwanza, nikishajaza maji nisubiri muda gani kabla ya kuweka samaki? Akasema siku tatu, bosi wangu, maji yakishatulia. La pili, nitumie maji gani? Akaniuliza nakaa wapi. Nikamwambia Tegeta, natumia kisima. Akauliza kama kina chumvi chumvi. Nikasema ndiyo, chai yake hainyweki. Jamaa akacheka, akanipiga begani: "Basi wewe Mungu kakupendelea, umeshaokoa nusu mfuko wa chumvi."

Nikaamini. Mtu mzima na vyeti vyangu, nikaamini.

Kwa ambao mko njiani kwenda kupigwa kama mimi: chumvi ya visima vya Dar na chumvi ya bahari ni vitu viwili. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita moja, na ndani yake kuna kalsiamu na magnesiamu kwa mizani yake. Kisima changu kina chumvi ya kuharibu chai tu. Kingine kilichomo ni silika inayotoka ardhini, na nitreti inayotoka huko mnakokujua, maana mtaani kwetu kisima na shimo la choo ni majirani wa ukuta mmoja. Hivyo vyote nikavimimina kwenye tangi kwa mikono yangu, nikaongeza chumvi ya dukani juu yake, nikakaa kwenye kochi kupendezwa.

Siku ya tatu samaki wakaingia. Siku ya sita wawili wamekufa. Nikapiga simu, nikaambiwa "hao walichoka na safari". Safari kutoka Sinza! Kumbe tangi jipya halina bakteria. Samaki wanatoa amonia, chakula kinachooza kinatoa amonia, na amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo inaua, halafu wengine wanaigeuza kuwa nitreti ambayo samaki wanaivumilia. Hao bakteria kuota kwenye mawe na mchanga mpaka watoshe ni wiki nne mpaka sita. Nne mpaka sita, wakuu, siyo siku tatu. Mtu anayeuza samaki kila siku hawezi kuwa halijui hilo. Analijua, ila mteja akiambiwa akae na tangi tupu mwezi mzima anarudisha pochi mfukoni.

Sasa tuje kwenye mwani wenyewe.

Wiki ya tatu mchanga wangu mweupe ukaanza kupakwa vumbi la kahawia, kama mtu amekung'uta kakao. Ukifuta asubuhi, jioni limerudi. Hao ni daiatomu, aina ya mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, unaojijengea ganda kwa silika. Kwenye tangi jipya karibu kila mtu anawapata, na kwa kawaida silika ikiisha nao wanaisha, ndani ya wiki chache. Ningeambiwa hivyo ningelala usingizi. Lakini kwangu hawakuisha, na ilinichukua mwezi mzima kuelewa kwa nini. Kwa joto hili la Dar, na feni niliyoelekeza juu ya tangi kupooza maji, yalikuwa yanapungua kama lita nne kwa siku. Kila asubuhi najazia kwa ndoo kutoka kisimani. Maji yanayopanda hewani yanaondoka yenyewe peke yake, chumvi na takataka zote zinabaki. Pigeni hesabu: lita nne mara siku thelathini ni lita 120. Kila mwezi nilikuwa naongeza nusu tangi ya uchafu wa kisima juu ya uchafu wa kisima. Nilikuwa nawawekea daiatomu mezani, na uji wa usiku juu.

Nikarudi dukani na picha kwenye simu. Hakuangalia hata sekunde mbili. Akageuka nyuma, akashusha chupa yenye maandishi ya Kichina, elfu arobaini na tano. "Vifuniko viwili jioni, asubuhi unaamka kioo kinang'aa."

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, hayo mengine ni utangulizi.

Wakati ule nilikuwa nimeshanunua, duka hilohilo, konokono kumi na mbili wa kula mwani na kamba wawili wenye mistari. Jioni nikaweka vifuniko viwili. Asubuhi konokono wamelala chali mchangani. Nikadhani wanapumzika. Mchana kamba mmoja anajikunjakunja kama mtu mwenye tumbo, jioni wote wawili wamekwisha. Siku ya pili maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele na samaki wanahema juu juu. Binti yangu wa darasa la pili ndiye aliyeniuliza, "Baba, hiyo dawa ni ya kuua nini?"

Ndipo nikamulika maandishi ya chupa kwa simu nikatafsiri. Mrututu. Wakuu, salfeti ya shaba! Wenye wazee wenye mashamba ya kahawa kule Moshi na Bukoba mnaujua, ule unga wa bluu wa kupulizia mibuni. Shaba inaua mwani kweli, lakini inaua pia konokono, kamba, kaa, na matumbawe kama unayo. Na juu ya chupa kuna picha ya samaki wa maji baridi, siyo wa baharini. Yule bwana aliniuzia konokono Jumamosi, akaniuzia sumu ya konokono Jumatano, na siku zote mbili aliniita bosi wake.

Halafu mwani uliokufa hauendi popote. Unaoza humohumo, unarudisha majini chakula chote uliokuwa umekibeba, na kuoza kunakula oksijeni, ndiyo maana samaki walikuwa wanahema juu. Shaba nayo inashika kwenye mawe na mchanga, inaachia kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kwa hiyo konokono wengine siwezi kuweka hata nikitaka.

Kilichofuata mtakisia. Wiki ya sita yakaja mashuka mekundu yanayofunika mchanga, ukiyainua yanatoka kama utando wa maziwa, na viputo ndani. Hayo hata siyo mwani, ni bakteria, sainobakteria, na wanapenda maji yaliyojaa uchafu yasiyotembea vizuri. Wiki ya nane, nywele za kijani. Ndefu. Zinapepea. Mama mkwe alikuja kutusalimu, akaangalia kwa adabu muda mrefu, kisha akauliza, "Baba Neema, na hili bwawa mnaliogea?" Wale akina mama wa Paje na Jambiani wanahangaika na mwani wao kufa maji yakipata joto, mimi nyumbani unastawi bila kamba wala kigingi. Kwa bahati mbaya huu wangu haununuliwi na mtu.

Nilirudi mara ya tatu, safari hii bila tabasamu. Jibu lake: "Bosi wangu, wewe ndiye hujui kutunza. Chukua kangaja mmoja, anakula mwani wote huo, laki na nusu tu." Kangaja ni kweli anakula mwani, hata tasi anakula, kila mvuvi anajua. Lakini kangaja ni samaki wa kuogelea masafa kwenye miamba. Kumweka kwenye lita 240 ni kumfuga ng'ombe chooni. Na kinyesi chake si ndiyo mbolea nyingine? Nikaondoka kabla sijasema neno la kunifikisha polisi.

Niwe mkweli, na mimi nina makosa yangu. Taa nilikuwa nawasha saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku, kwa sababu wageni wakija nataka waone. Tangi niliweka karibu na dirisha la magharibi, jua la jioni linapiga lote kiooni. Watoto, kila aliyepita karibu na tangi alikuwa analisha samaki, na chakula cha barafu tulikuwa tunakitumbukiza na supu yake yote, ambayo imejaa fosfeti, na fosfeti kama ilivyo nitreti ni mbolea ya mwani. Haya nayabeba. Ila hakuna hata moja kati ya haya nililoonywa na mtu aliyepokea milioni tatu zangu.

Nilichofanya baadaye sikukipata dukani. Nilinunua kile kikalamu cha kupima TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini. Kisima changu: miligramu 1,310 kwa lita. Maji ya kujaziwa kwenye madumu ya lita 20, yale yanayochujwa kwa mashine ya RO, inayosukuma maji kwenye chujio laini sana: duka la kwanza 61, la pili 14. Kwa tangi la bahari inatakiwa sifuri au karibu yake. Sasa natumia ya 14, na kila wiki nabadilisha lita arobaini, chumvi nachanganya kwenye pipa siku moja kabla, nikipima mpaka ifike 35. Vipimo vya fosfeti na nitreti niliagiza kwa mtu anayekuja kutoka Dubai. Siku ya kwanza nitreti ilisoma zaidi ya 50, fosfeti rangi yake ilipita mwisho wa kadi. Wiki hii nitreti ni 20 na fosfeti 0.3. Bado ni nyingi, wenye matangi mazuri fosfeti yao inacheza kwenye 0.03 mpaka 0.1, lakini inashuka. Taa nimefunga swichi ya saa, inawaka kwa muda wa saa saba tu kwa siku. Dirisha lina pazia zito. Mawe natoa moja moja, nang'oa nywele kwa mkono na kusugua kwenye ndoo ya maji ya chumvi, nje ya tangi, ili vipande visirudi kuota kwingine. Maji ya ndoo namwaga. Kwenye pampu nimefunga kifuko cha mkaa maalumu wa kuchujia maji, siyo huu wa jikoni, nasikia unapunguza na shaba.

Najua kuna watakaosema, "bahari hiyo hapo, si uchote maji?" Nilifikiria. Lakini maji ya ufukweni kwetu mvua ikinyesha mnayaona rangi yake, Msimbazi inamwaga palepale kila kitu ilichokusanya mjini. Anayechota vizuri anakwenda na boti nje kabisa, maji yamejaa, siku hazina mvua. Mimi sina boti. Na yule aliyenishauri jana kwa simu nikang'oe mawe na matumbawe hai Mbudya usiku: ndugu yangu, Mbudya ni hifadhi ya bahari. Sitafungwa kwa ajili ya konokono.

NYONGEZA 1: Mkuu uliyesema nitie dawa ya kunyonya fosfeti mpaka isome sifuri, asante, ila nimeshasoma yaliyowapata wengine. Nitreti na fosfeti zikiisha kabisa kwenye tangi changa, anayeingia ni dainoflajeleti, makamasi ya kahawia yenye viputo, ambayo mengine yana sumu inayoua konokono. Huyo kumtoa ni kazi kuliko hizi nywele. Nashusha polepole, basi.

NYONGEZA 2: Mnauliza kama nimemripoti. Risiti niliyopewa imeandikwa "vifaa vya nyumbani". Chupa ninayo, nimeitunza na picha za konokono. Anayejua vizuri hatua za kufuata kwa bidhaa inayouzwa bila maelezo ya Kiswahili wala Kiingereza aniandikie hapahapa, wengine wasome.

NYONGEZA 3: Samaki waliobaki ni wanne. Mmoja wa saba alipotea na sijawahi kuona hata mfupa wake, nadhani yuko ndani ya nywele. Leo nimeng'oa nusu ndoo. Chini ya jiwe la mwisho kulikuwa na doa la zambarau, dogo kama kucha, gumu, halitoki kwa kusugua. Kwa nilivyosoma ni mwani wa chokaa, ule mzuri unaofunika mawe ya bahari yenye afya. Mwenye uzoefu athibitishe, picha hiyo hapo chini, samahani kwa mkono kutetemeka.