Tulilipia makumbusho ya ndege, tukaishia getini

Wenzangu, nimekasirika na sitaficha. Chama chetu cha wanafunzi wa uhandisi wa ndege kilitangaza safari ya siku moja kwenda kuona ndege za zamani za kijeshi hapa hapa Nairobi. Shilingi 1,500 kila mtu, ndani yake basi, kiingilio na chakula cha mchana. Pesa zikaenda kwa M-Pesa ya mwekahazina mwenyewe, wala si kwa akaunti ya chama. Waliouliza kwa nini walijibiwa waache ugumu.

Ndege hizo ziko ndani ya kambi ya jeshi. Kambi haiingiwi kama soko. Inatakiwa barua kutoka chuoni, majina ya wote na namba za vitambulisho, vyote vifike mapema, halafu mngoje mjibiwe. Hiyo ni kazi ya katibu, na alituhakikishia imekwisha. Tumefika, askari anaomba barua, katibu anaanza kupekua simu. Akapekua mpaka tukaelewa. Barua haikuwahi kuandikwa! Askari yule sina neno naye, alituongelesha kwa heshima na akafanya kazi yake. Waliotuaibisha tulikuja nao kwenye basi.

Sasa sikieni lililoniuma zaidi. Kulikuwa na mzee, fundi mstaafu wa jeshi la anga, aliyekubali kututembeza bure. Alikuwa ameshaingia, anatungoja kando ya ndege alizozihudumia ujana wake. Akapiga simu kuuliza vijana wamefika wapi. Katibu akakataa kuongea naye, akampa simu msichana wa mwaka wa kwanza aombe radhi kwa niaba yetu. Mtoto wa watu hata hakujua aanzie wapi. Katibu, hilo sitakusamehe hata ukirudisha kila senti.

Maana mzee huyo alikuwa na mambo. Jeshi letu la anga lilianza 1964 na ndege ndogo za mafunzo, Chipmunk. Miaka ya sabini zikaja ndege za kivita: Strikemaster, Hunter, kisha F-5. Agosti 1982, waasi wa jeshi hilo hilo walipojaribu kuipindua serikali na kuwashurutisha marubani warushe ndege wakapige mabomu Nairobi, marubani wakaenda kuyamwaga kwenye msitu wa Mlima Kenya. Jeshi lenyewe likavunjwa, likaundwa upya kwa jina jingine, na jina la zamani halikurudi hadi 1994. Na kabla ya hayo yote, ni kutoka Eastleigh, hapa hapa Nairobi, ambako Waingereza walirusha ndege za Lincoln kwenda kupiga mabomu misitu ya Aberdare wakati wa Mau Mau. Wengi wetu ni wajukuu wa watu wa Nyeri na Murang'a. Haya si mambo ya kuyasoma kwenye simu tu wakati ndege zenyewe na mtu aliyezihudumia wako upande wa pili wa geti.

Tena sisi ni wanafunzi wa injini! Hunter inatumia Rolls-Royce Avon, F-5 ina injini mbili za J85. Darasani tunachora ubaoni jinsi kompresa inavyobana hewa, na kuna watu watahitimu bila kuwahi kugusa hata panga moja la kompresa.

Nilipendekeza tusipoteze siku nzima, twende uwanja wa ndege wa Wilson, mtu aliyesoma kidogo awasimulie wadogo habari za Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni yake ya ndege hapa 1929, na kiwanja kikaja kuitwa kwa jina lake. Mwenyekiti akasema Lang'ata ni mbali na dereva hajalipwa mafuta ya huko. Lakini mafuta ya kutupeleka kwenye nyama choma yalipatikana. Huko kila mtu akajinunulia. Waliokosa pesa, na ni wengi, wale walioibana hiyo 1,500 kutoka kwenye mkopo wa masomo wa HELB, walikaa ndani ya basi wakingoja viongozi wamalize kula.

Jioni picha zikatumwa kwenye kundi la WhatsApp, viongozi wamesimama nje ya geti wakitabasamu, eti safari imefana. Tulipodai pesa, jibu likawa zote zimeliwa na basi. Basi gani hilo? Kiingilio hakikulipwa, chakula hatukukiona, na mzee hakudai hata nauli.

Mwekahazina, tunataka risiti ya basi na orodha ya waliolipa, iwekwe wazi kwa wanachama wote. Kiasi cha kiingilio na chakula kirudishwe kwa kila mtu, mkianza na wa mwaka wa kwanza. Katibu aende kwa yule mzee yeye mwenyewe, kwa miguu yake, akamwombe radhi. Na nyinyi mliolipa, msifute ujumbe wa M-Pesa. Jumatatu asubuhi tukutane nje ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi, kila mtu aje na wake.