Chatu kajivua gamba vipande vipande, unyevu kwenye tanki hauzidi 30. Nipo Arusha

chalii_wa_Ngaramtoni
Wakuu habari za jioni. Nina chatu mdogo kama mita moja hivi, kibali ninacho kwahiyo hilo tuliache. Mnajua baridi ya huku mwezi wa saba, usiku chumbani inashuka mpaka 14. Nimemfungia balbu ya joto juu ya tanki la kioo, nikabandika kile kipimo cha duara cha mshale karibu na mfuniko, joto linasoma 30 nikaona safi, ila unyevu nao ni 30 kila siku wakati huko nje ukungu umejaa hadi nguo hazikauki! Juzi kajivua gamba limetoka vipande vipande na la jicho la kushoto limebaki. Nampulizia maji asubuhi na jioni, unapanda kidogo kisha unarudi palepale. Roho inaniuma, nakosea wapi?

gamba_jipya
Pole mkuu. Kwanza hilo gamba la jicho usilivute kabisa, utamuumiza. Ukungu wa nje usikuchanganye, hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 80 ukiipasha ifike 30 bila kuongeza maji inasoma kama 44 tu, maana hewa ya moto inataka maji mengi zaidi. Balbu inakukaushia, na kama mfuniko wote ni wavu ndo kabisa. Ziba sehemu kubwa ya wavu, acha upande wa balbu wazi, weka na beseni pana la maji. Halafu chatu analala chini, wewe unapima juu kwenye mfuniko, hiyo 30 ya joto sio anayoisikia yeye.

Mama Vifaranga, Moshi
Mimi nyoka sifugi na naogopa, ila natotolesha mayai na shida ni ileile. Hivyo vya mshale vilinitia hasara ya trei nzima, sivitaki tena. Nunua viwili vya digitali vyenye waya vinavyouzwa kwa ajili ya inkubeta, kimoja upande wa joto kingine wa baridi. Kabla hujakiamini kipime kwa chumvi mwanangu: jaza chumvi kwenye kizibo cha soda, matone machache ya maji iloe tu isiyeyuke, fungia pamoja na kipimo kwenye kopo lisilopitisha hewa mpaka kesho yake. Inatakiwa isome 75.

gamba_jipya
Mama kamaliza. Lenga 32 upande wa joto, 26 upande wa baridi, unyevu 55 mpaka 60. Siku macho yakianza kuwa meupe, yaani anakaribia kujivua, muwekee kikopo chenye mlango na kitambaa kibichi ndani, aingie mwenyewe. Usilowanishe tanki zima kwenye baridi hiyo, kifua kitambana, ukiona mapovu mdomoni au anapumua mdomo wazi nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na themostati, kile kifaa cha kuzima na kuwasha balbu kufuata joto, ni lazima.

chalii_wa_Ngaramtoni
Nimerudi wakuu. Cha mshale kwenye chumvi kimesoma 58 😳 nimekitupa. Nimeweka vya digitali, nimeziba wavu, leo chini nasoma 56. Sasa umeme ukikatika usiku nafanyaje?

Mama Vifaranga, Moshi
Chupa za maji ya moto uzizungushie taulo, uziweke nje ya kioo, na blanketi juu ila pa kupitisha hewa paachwe. Mimi vifaranga wangu nawavusha hivyo hivyo.