Naomba ushauri: bastola ya .22 ya kutembea nayo shambani, ipi haigomi?

Mkulima wa Jumamosi

Wakuu, habari za jioni.

Naishi Tabata, ila nina shamba la korosho na mihogo Maneromango, Kisarawe. Ijumaa nikitoka kazini naenda, Jumapili jioni narudi. Shamba limepakana na pori. Miezi hii nguruwe wanaingia kwenye mihogo karibu kila usiku, na kwenye njia ya kisimani tumeshakuta moma mara mbili.

Marehemu baba alikuwa na bunduki ya .22, ile ya risasi ndogo, kwa leseni. Alikuwa ananiwekea kopo juu ya kichuguu, ananisimamia mpaka nilipige. Alipofariki tuliikabidhi polisi, na sikuwahi kufikiria tena habari za silaha mpaka nilipopata hili shamba. Sasa nimeanza kufuatilia kibali cha bastola kwa jina langu, nimeanzia serikali ya mtaa.

Nataka .22 kwa sababu ni nyepesi kiunoni, hairushi mkono, na ndiyo risasi niliyolelewa nayo. Tatizo ni kwamba mwezi uliopita jamaa yangu alinipeleka uwanja wa shabaha akaniachia bastola yake ya .22 nijaribu. Katika risasi kumi, mbili hazikulia kabisa na moja ganda lake lilibana kwenye mlango wa kutokea maganda. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Kama mchana kweupe, kwenye meza safi, inagoma mara tatu, usiku kwenye vumbi itakuwaje?

Naomba mnieleze: ni ugonjwa wa .22 zote au ya jamaa tu? Nichukue ya magazini au rivolva (ya silinda inayozunguka)?

Shabaha Tulivu

Mkuu, ugonjwa upo na una sababu zake. Ukizijua utachagua vizuri, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Risasi ya 9mm ina kidonge cha fataki katikati ya kitako, pini inagonga hapo. Ya .22 haina kidonge. Unga wa fataki unawekwa ndani ya ganda ukiwa bado umelowa, kisha ganda linazungushwa kwa kasi ili unga utawanyike kwenye ukingo wa kitako. Pini inagonga huo ukingo. Kama mahali pamoja pa ukingo unga haukufika na pini ikaangukia papo hapo, risasi hailii. Ndiyo maana ukiitoa, ukaizungusha kidogo na kuirudisha, mara nyingi inalia. Teknolojia hii ni ya zamani mno. Smith & Wesson walianza na .22 fupi mwaka 1857, na hii tunayotumia leo, .22 Long Rifle, ni ya 1887.

Hiyo ni sababu ya zile mbili. Ile iliyobana ina yake. Ganda la .22 lina ukingo uliotokeza kwenye kitako, na ndani ya magazini risasi hupandana. Ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa risasi ya chini, zinashikana na haziendi mbele. Ukijaza magazini kwa haraka bila kuangalia kila risasi inavyokaa, umejitengenezea tatizo mwenyewe. Ongeza kwamba nyingi kichwa chake ni madini ya risasi matupu yasiyovishwa shaba, yamepakwa nta, na moshi wake ni mchafu. Baada ya risasi mia chemba (pale risasi inapokaa ikilia) ina masizi mazito.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza jamaa yako si jina la bastola. Muulize alikuwa anatumia risasi gani. Semi-otomatiki (za magazini, zinazojipakia zenyewe) nyingi za .22 zinataka risasi yenye nguvu, ya gramu 2.6 iliyovishwa shaba, kama Mini-Mag ya kampuni ya CCI. Ukizipa zile za polepole za mashindano, slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma kutoa ganda) hairudi nyuma ya kutosha na ganda linabanwa mlangoni. Nimeona bastola ya watu ikitukanwa miaka miwili, siku mwenyewe alipobadilisha boksi la risasi ikaacha kugoma.

Pwani Yangu

Ndugu, achana na .22. Chukua 9mm uishi kwa amani. .22 ni ya watoto kujifunzia.

Shabaha Tulivu

@Pwani Yangu, kwa ulinzi wa nyumbani nakubaliana nawe. Lakini .22 si mchezo wa watoto. Kwenye maboksi mengi huandikwa onyo kwamba risasi inaweza kufika maili moja na nusu, zaidi ya kilomita 2. Shambani kuna kijiji, kuna watoto wanachunga mbuzi. Na Olimpiki, wanawake wa bastola ya mita 25 wanatumia risasi hiyohiyo.

Mzee wa Selous

Vijana, nimefanya kazi ya uaskari wa wanyamapori miaka mingi kabla sijastaafu. Nitasema machache.

Mwanangu Mkulima, umetaja nguruwe, umetaja moma, kisha ukauliza ipi haigomi. Mimi nakurudisha nyuma. Utaifanyia nini hasa? Nguruwe pori hazuiliki kwa .22 ya bastola. Utamjeruhi, atakimbilia kichakani, na kesho asubuhi atakayekutana naye ni mama anayetafuta kuni. Tena yule ni mnyama wa serikali. Kumwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mweleze, wao wana utaratibu.

Kuhusu moma. Huyu hakimbii, analala palepale na rangi yake inafanana na majani makavu, ndiyo maana watu wanamkanyaga. Aliyekwisha kukanyagwa hakungoji uchomoe bastola. Na aliyelala mita tatu mbele yako umeshamwona, mzunguke. Kinachookoa mguu ni gambuti ndefu na tochi yenye mwanga mkali. Swila ni hivyohivyo, mpe nafasi aondoke, na akikutemea machoni osha kwa maji mengi uende hospitali.

Nilimwona mwenzetu mmoja akimpiga nyoka kwenye njia ya changarawe ngumu kwa .22. Risasi iliruka ikampita mpagazi sikioni. Risasi ndogo ya madini ya risasi matupu inaruka vibaya kwenye ardhi ngumu na kwenye maji. Tangu siku ile sikumruhusu mtu wangu apige nyoka aliye katikati ya njia kama nyuma yake hapaonekani.

Mkulima wa Jumamosi

Shikamoo mzee. Nimekuelewa, na kwa kweli suala la nguruwe sikuwa nimelifikiria hivyo. Gambuti nanunua wiki hii.

Nijieleze sawasawa sasa. Usiku nikiwa peke yangu, kibanda kiko mbali na jirani, nataka kuwa na kitu kiunoni. Moma akiingia ndani ya kibanda, au mbwa mwenye kichaa (mwaka jana alipita mmoja kijijini akauma watu), niwe na njia. Na nataka kupiga kopo juu ya kichuguu na mwanangu siku moja, kwa leseni na kwa utaratibu, kama baba alivyofanya na mimi. Hiyo ndiyo kazi yake.

Mzee wa Selous

Marahaba. Hapo sawa, hiyo ni kazi ya .22. Ila kichuguu kiwe kinene, na nyuma yake uwe unapafahamu.

Mama Mihogo

Kaka, mimi niko Mkuranga, ekari nane za mihogo. Nguruwe nimepambana nao misimu mitatu. Kilichonisaidia ni mtaro kuzunguka upande wa pori, miiba juu ya tuta, na vijana wawili wenye mbwa na madebe ya kupiga kelele kuanzia saa mbili usiku. Usiliache shamba bila walinzi hata usiku mmoja mihogo ikikaribia kukomaa. Nguruwe wakishaonja wanarudi na familia nzima.

Silaha sina, lakini nakuunga mkono kwa mbwa mwenye kichaa. Nilishuhudia mtoto akiumwa. Na wewe mwenyewe ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha kimbia kuchanjwa, hata kama umeshamuua huyo mbwa.

Fundi Chuma

Nimechelewa kuuona huu uzi. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kuhudumia silaha za watu wenye leseni, na ushauri wangu unaanzia dukani.

Wenzetu Marekani wanaambiana piga risasi 500 za aina tano, uone bastola yako inapenda ipi. Wao wanaingia dukani wanatoka na ndoo. Hapa Dar unanunua kwa leseni, kwa idadi, na unachagua kilichokuja na mzigo wa mwisho. Kwa hiyo kabla hujaandika jina la bastola kwenye fomu yoyote, nenda duka lenye leseni uulize: risasi gani ya .22 mnayo mwaka mzima? Ukishapata jibu, tafuta bastola inayokubali hiyo risasi. Wateja wangu wengi walifanya kinyume, na ndio wanaorudi kwangu na magazini iliyobana.

Kwa mtu mwenye kazi kama yako, napendekeza rivolva, na sioni aibu kusema ni maoni yangu yenye nguvu. Risasi isipolia kwenye semi-otomatiki, lazima uvute slaidi kwa mikono miwili, gizani, tochi umeiweka wapi? Kwenye rivolva unavuta triga tena, silinda inazunguka, risasi nyingine inakuja mbele ya pini. Haihitaji nguvu ya risasi ili ijipakie, kwa hiyo kali inakubali, ya polepole inakubali. Na inakubali marisau, yaani chembe nyingi ndogo badala ya kichwa kimoja. CCI wanatengeneza .22 ya marisau madogo, gramu 2 hivi kwa risasi, ya nyoka wa hatua chache. Semi-otomatiki nyingi haziwezi kujipakia nayo. Hiyo ndani ya kibanda ni salama kuliko risasi moja nzima, ingawa nayo inatoboa jicho la mtu.

Ruger LCR ya .22 inabeba risasi 8 na ina gramu 420 hivi. Smith & Wesson 317 nayo ni 8, ya aluminiamu, nyepesi kuliko hiyo. Ubaya wa rivolva hizi ni triga nzito. Ukingo unahitaji kugongwa kwa nguvu, na nguvu hiyo inatoka kwenye kidole chako. Usiruhusu mtu yeyote akukatie springi ili iwe laini. Ataua kile ulichonunulia.

Ukishikilia magazini, Ruger Mark IV ni chuma cha kuaminika. Ukoo wake ulianza 1949, na hii ya 2016 unaifungua kwa kitufe kimoja, wakati zile za nyuma zilitoa watu jasho. Ila ni ndefu, kiunoni ukikaa kwenye kigoda inakuchoma. Ruger SR22 ni fupi, risasi 10, karibu nusu kilo. Taurus TX22 inabeba 16. Beretta 21A ni nzuri kwa mfuko lakini haina kucha ya kuvuta ganda. Risasi ikigoma unafungua mtutu kwa juu na kuitoa kwa ukucha. Kwa shamba, hapana.

Shabaha Tulivu

Naongezea kwenye ya fundi, maana hapa watu huumia. Ile "vuta tena" ni ya shida halisi. Ukiwa mazoezini na risasi haikulia, elekeza mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 bila kugusa kitu, ndipo ufungue. Inaweza kuchelewa kulia. Na ukisikia imelia kwa sauti hafifu, kama kizibo cha chupa, simama kabisa. Toa risasi zote, angalia ndani ya mtutu, risasi inaweza kuwa imekwama humo. Ya pili ikiifuata mtutu unaweza kupasuka. Na vaa kinga ya masikio. Kishindo cha .22 ya bastola kinapita desibeli 140 hata kama kinaonekana kidogo.

Njia ya Haki

Mkuu, hongera kwa kuanzia serikali ya mtaa. Usikate njia. Maombi yanapanda kupitia kamati za ulinzi na usalama hadi polisi, inachukua muda, vumilia. Sheria inayotuongoza ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Usiazime ya mtu kwenda nayo shamba hata kwa usiku mmoja, na usiiache kibandani ukirudi mjini. Na kama safari yako itafika Hifadhi ya Nyerere, usiingie nayo bila kibali cha hifadhi.

Mkulima wa Jumamosi

Wakuu, nawashukuru sana. Leo mchana nilipita duka moja lenye leseni nikauliza kama fundi alivyosema. Wana .22 za aina mbili tu wanazozipata mara kwa mara, moja ya polepole na moja iliyovishwa shaba. Marisau hawana, wanaweza kuagiza. Jamaa yangu nimempigia, na kweli alikuwa anatumia zile za polepole.

Nimeamua rivolva. Kibali kikitoka nitaomba risasi za kutosha kujifunzia kwanza uwanjani, kabla sijaivaa kwenda Maneromango. Swali la mwisho kwa fundi: nyumba yetu ina unyevu, chumba cha nyuma nguo zinaota ukungu. Nitaitunzaje?

Fundi Chuma

Uamuzi mzuri. Hewa ya Dar ina chumvi na jasho lako lina chumvi, hata chuma kinachoitwa hakishiki kutu kinashika. Ukirudi shamba, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kabla hujaoga wewe. Kila baada ya kupiga, piga brashi kwenye vyumba vyote 8 vya silinda, la sivyo masizi yatafanya maganda yasitoke. Usifyatue ikiwa tupu kwa mchezo mpaka kitabu chake kikuruhusu. Kwenye .22 nyingi pini inagonga ukingo wa chemba na kuutia kovu.

Na usiilaze ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ngozi inanyonya jasho na kulihifadhi. Weka bastola kwenye sefu, imepakwa mafuta kidogo, na pakiti ya vidonge vya kunyonya unyevu pembeni yake, risasi kwenye kopo lake la kufunga. Mfuko wa ngozi utundike nje, penye upepo.