Nina akiba ya 1,500,000: nilipie fremu au nijaribu kwanza?

MpishiTabata:
Habari zenu wakuu. Natengeneza sambusa za nyama za kugandisha, mteja anakaanga mwenyewe nyumbani. Majirani nimewaonjesha, wote wamesifia. Kuna fremu hapa Tabata, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na friza bado sijanunua. Nikilipa nabaki mikono mitupu. Hela hii nimeidunduliza miaka miwili. Naombeni ushauri.

UngaLishe:
Dada, usilipe kwanza. Mimi niliwaonjesha uji wa unga wangu wa lishe wenye karanga akina mama ishirini hivi, kila mmoja "mtamu, ukianza tuambie". Nikachapisha lebo 500 za pakiti za kilo. Wiki ya kwanza nikauza pakiti sita. Niliumia sana. Nikaenda kukaa jikoni kwa mmoja wao, akanionyesha kopo lake: unga ananunua robo, kwa hela ya siku hiyo. Akaninusisha na wangu, karanga zilishaanza kunuka mafuta ya zamani kabla hajafika nusu. Nikapima robo robo kwenye mifuko ya kawaida, pakiti 30. Siku mbili zikaisha.

Uliyemwonjesha bure hawezi kukuambia haina chumvi. Tengeneza chache, omba nafasi kwenye friza ya jirani, pokea hela kabla hujapeleka. Kisha andika nani karudi kununua bila kukumbushwa.

WaThika:
Huku kwetu Kenya M-Pesa ilianza kwa majaribio 2005, Thika ikiwemo. Lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu, lakini wateja wakawa wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Ikazinduliwa Machi 2007 kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Kwa hivyo dada, ukishauza, fuatilia wanazifanyia nini hizo sambusa.

MpishiTabata:
MREJESHO. Pakiti 30 zimeisha, waliorudi ni saba. Watano kati yao wana vibanda vya chai! Hawataki pakiti ya 12, wanataka ya 50. Mmoja kaniita nione karai lake: sambusa zimeachia mshono, nyama yote imetawanyika kwenye mafuta, na wateja wake wamekaa wanasubiri. Nimemrudishia hela yake. Usiku huu nakoroga uji wa ngano mzito zaidi wa kugundishia, kesho nampelekea kumi akaange mbele yangu. Fremu nimeiacha, kaichukua fundi simu.