Naomba ushauri: nifuate masimulizi yapi kuhusu Ask na Embla?

Ndugu wanajamvi, naandaa somo la wanafunzi wa sekondari kuhusu jinsi watu wa kale wa Skandinavia walivyosimulia kuumbwa kwa mwanamume na mwanamke wa kwanza, Ask na Embla, nami nimekwama katika jambo ninaloliona kuwa zito.

Völuspá, shairi la kale la watu hao, lasema kwamba miungu watatu, Odin, Hœnir na Lóðurr, waliwakuta wawili hao nchi kavu, wakiwa hawana nguvu wala majaliwa. Odin akawapa pumzi, Hœnir akawapa akili, na Lóðurr akawapa, pamoja na mengine, sura njema. Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeandika katika karne ya 13, wakati nchi yake ilikuwa imekwisha kuupokea Ukristo tangu takriban mwaka 1000, anawataja badala ya watatu hao wana wa Borr, yaani Odin na ndugu zake, ambao walipokuwa wakitembea ufukweni waliona miti miwili, wakaiumba kuwa watu, wakawapa hata usemi, mavazi na majina.

Moyo wangu uko kwa shairi, kwa kuwa linahesabu kukosa majaliwa kuwa upungufu sawa na kukosa pumzi, lakini habari ya miti imeelezwa waziwazi na Snorri pekee.

Je, nianze na shairi, au niyaweke masimulizi yote mawili sambamba? Tena, wanafunzi wakiwalinganisha na Adamu na Hawa, niwaongozeje bila kuidharau imani ya yeyote?